Laini Imeandikwa Jina Langu

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa taa. Sikumwona Shangazi aliyesimama mlangoni na bili mkononi, wala begi la Hénoc lililokwisha kutupwa nje kwenye korido. Niliona ile taa ndogo ya kijani ya kisanduku cha intaneti, juu ya friji, inawaka imetulia kama jicho la paka aliyeshiba.

Mnakumbuka tulipoachana wiki iliyopita. Shangazi Zainabu aliuliza swali moja tu.

"Nani kati yenu amejiunga na kitu nisichokijua, kikaandikwa kwenye bili ya nyumba yangu?"

Mimi nilikuwa naiangalia taa.

Intaneti yetu ilikuwa na ugonjwa wake. Baada ya chakula cha mchana, wageni, wafanyabiashara waliopanga kwa Shangazi, wakishatoka kwenda masoko ya Shahe na Shisanhang hapa Guangzhou kununua nguo, ndipo mimi nilipopata nafasi ya kukaa kwenye kompyuta. Na ndipo intaneti ilipokatika. Wageni wakirudi jioni, nayo ilirudi. Shangazi alisema ni mambo ya Wachina, mchana viwanda vinaubana mtandao wote.

Nilimwamini. Lakini laini ikikatika kweli, taa ile hupepesa kisha huzima. Niliwahi kuiona siku ya mvua kubwa. Mchana wangu mimi haikuzima hata mara moja. Intaneti ilikuwemo ndani ya nyumba. Ilikuwa inanikataa mimi.

"Wewe Hénoc," Shangazi alisema. "Begi lako liko nje. Lifuate."

Hénoc ni kijana wa Lubumbashi. Huwatembeza wafanyabiashara sokoni na kuwasemea Kichina, na alipanga kwetu chumba kidogo nyuma ya jiko. Shangazi alishuku kitu hicho ni filamu za mtandaoni, na Hénoc ndiye pekee aliyependa filamu. Kwa hiyo lawama ilijua njia ya kumfikia.

"Maman Zainabu, mi sikufanya ile kitu," alisema. "Filamu yangu ni ya diski. Nanunua barabarani, naangalia, namupa mwengine."

"Diski zako nazijua, zinakwamakwama kama mwenyewe. Na hili?" Aliigonga bili kwa ukucha. "Mwezi wa pili huu wananitoza kitu. Nimekataa kulipa. Leo wamepiga simu, wanakata laini. Wateja wangu wa soko la Darajani, Unguja, wananingojea picha za madera. Mie nitawapelekea kwa njiwa?"

Hénoc aliichukua bili, akaisogeza karibu na pua.

"Kuongea naongea, lakini kusoma nasoma nusu. Hapa iko neno nyumba. Hapa iko neno huduma. Hii ya katikati sijui."

"Hujui, au hutaki kujua?"

"Mwite Maulid asome."

Maulid ndiye mkono wa kulia wa Shangazi. Ndiye aliyetuunganishia intaneti, na Kichina anakisoma kama sisi tunavyosoma kanga. Lakini Maulid alikuwa mji mwingine, Yiwu, kwa mzigo wa vyombo, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu asubuhi.

"Basi twende kwenye ofisi yao," Hénoc alisema. "Tuulize pale kaunta. Kama ni mimi, sirudi hapa hata kuchukua mswaki."

"Na nani atatusemea?"

"Mimi."

Shangazi alicheka kicheko kifupi.

"Mshitakiwa ndiye mkalimani. Haya. Lakini ukinigeuzia neno moja tu, nitakujua. Mie uso wa mwongo nausoma bila ya kamusi."

Alikuwa keshavaa buibui lake, keshachukua ufunguo, wakati Hénoc alipouliza kitu ambacho hakuna aliyekifikiria.

"Laini ni ya jina gani? Pale hawasikilize mutu mwengine. Mwenye laini tu, na pasipoti yake."

Shangazi alinitazama. Kisha akatazama sakafu.

Laini ilikuwa imeandikwa jina langu.

Huku Guangzhou tunaazimana pasipoti kama majirani wanavyoazimana sufuria. Ya huyu iko kwa wakala wa visa, basi chumba kinaandikwa kwa ya yule, na simu kwa ya mwingine. Siku Maulid alipotuunganishia intaneti, ya Shangazi haikuwepo. Yangu ilikuwepo. Mimi niliyeishia darasa la tano, nisiyejua kuagiza hata maji ya kunywa kwa Kichina, nikawa mwenye laini.

Tangu siku ile sikuiona tena pasipoti yangu. Wiki chache nyuma nilijikaza nikamwomba Shangazi anipe.

"Ya nini?" aliniuliza.

"Nataka kuiona tu."

"Iko kwa wakala, inaongezwa visa. Itatoka kontena letu la mzigo likiondoka."

Nilirudi jikoni. Mimi si mtu wa kuuliza mara mbili.

Sasa, mbele yangu na mbele ya Hénoc, Shangazi aligeukia ukuta, akapandisha buibui, akafungua mkoba wake wa kiunoni. Akatoa rundo la pasipoti lililofungwa kwa mpira. Akachomoa moja.

Ilikuwa yangu.

"Wakala amerudisha lini?" Hénoc aliuliza.

"Wewe ni mkalimani au ofisa uhamiaji?"

Mimi sikusema kitu. Niliiangalia ile pasipoti kama mwenye njaa anavyoangalia sahani ikipita kwenda meza nyingine. Nilitaka kurudi Pemba. Nilitaka kwenda Wete, nyumbani kwetu, na nilitaka kwenda upesi, na bila ya kile kitabu kidogo singefika hata kwenye mlango wa ndege.

Kwa nini sikusema? Ngoja niwaambie nyinyi, kwa kuwa nyinyi hamnitazami usoni.

Siku ile intaneti ilipokatika kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa mbele yake. Dada yangu Mize huniandikia kutoka duka la intaneti Wete. Jina lake lilikuwa juu kabisa, limekolezwa wino, na pembeni kichwa cha barua, maneno machache. Niliyasoma. Nilipobofya kuifungua barua yenyewe, ukurasa ukawa mweupe, na mweupe ukabaki.

Maneno yale sikumwambia mtu.

Na tangu siku ile ile, nyumba ilianza kunihurumia. Shangazi alininunulia kanga mpya, na haikuwa Idi. Taarabu yake aliyokuwa akiifungulia kila asubuhi ilizimwa, eti redio ina kutu. Hénoc alianza kuosha sahani ambazo hakuzilia. Kisha ikaja dua ya kontena. Shangazi alisema wageni watasoma ili mzigo ufike salama, mimi nipike pilau ya watu wengi na nisitoke jikoni. Nilipika. Nilisikia wakisoma Yasini. Walipomaliza, kila mgeni alipita kwenye mlango wa jiko, akaniambia, "Pole, binti."

Nikawajibu, "Ahsante, si kazi kubwa."

Nyumba ikikufungia kwa ukali, unaweza kuupiga mlango mateke. Ikikufungia kwa upole, unapiga wapi?

Tuliingia kwenye lifti sisi watatu. Shangazi alikuwa ameishika pasipoti kifuani.

"Ukifika pale ukae kimya," aliniambia. "Wakikuuliza, tikisa kichwa. Nitasema mie."

"Maman, utasema na lugha gani?" Hénoc aliuliza.

"Kwa lugha ya mwenye kulipa."

Kwenye daraja la waenda kwa miguu la mtaa wa Xiaobei kulikuwa na askari wawili wanaangalia pasipoti. Hatukuwa na pa kukwepea. Mbele yetu kulikuwa na wauza soksi, nyuma yetu mkokoteni uliojaa mabunda. Mmoja alininyooshea kidole. Shangazi alinitia pasipoti mkononi haraka, nami nikaitoa. Askari aliifungua, akanitazama, akanirudishia na kunipungia nipite.

Ilinigusa vidole tu. Kabla sijaifumbata, Shangazi alikuwa keshaichukua.

"Utaiangusha mtoni," alisema.

Chini ya daraja lile hakuna mto. Kuna barabara.

Ofisi ya kampuni ya simu ilikuwa na baridi ya kiyoyozi na ukuta mzima wa matangazo ya michezo ya mwakani ya Beijing. Tulichukua kikaratasi cha foleni, tukakaa. Mzee mmoja kwenye dirisha la pembeni alikuwa akibishana kuhusu bili yake, na dada wa ndani ya kioo alimjibu neno lile lile kila mara, "mei you", ambalo huku ni jibu la kila duka. Hakuna. Yule mzee alipiga kaunta, akaambiwa mei you, akaondoka anaongea peke yake.

"Umeona," Shangazi alimnong'oneza Hénoc. "Mwenyewe Mchina, na kashindwa."

"Yeye alipiga kaunta. Sisi tutacheka kidogo."

"Mie sijaja kucheka."

Zamu yetu ilifika. Aliyekaa nyuma ya kioo alikuwa msichana wa rika langu, nywele amezibana kwa kibanio cha plastiki chenye umbo la tunda la stroberi. Hénoc alitabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Mwambie hivi," Shangazi alisema. "Sisi hatukuomba kitu chochote. Tumetozwa tu. Wakiondoe, na laini yangu isikatwe."

Hénoc alisema. Msichana alijibu bila ya kuinua uso.

"Anauliza, mwenye laini ni nani?"

Shangazi aliipitisha pasipoti chini ya kioo. Msichana akaiangalia picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Pale nina mtandio mweupe na mashavu ya kushiba. Mama ndiye aliyenipeleka kupiga picha ile. Alinifunga mtandio mwenyewe, akanilowesha nyusi kwa kidole chake.

Msichana alianza kubofya kwenye kompyuta yake.

"Anasema ni huduma moja tu," Hénoc alisema. "Inaitwa..."

Akakwama. Akauliza tena. Msichana alirudia polepole, na safari hii alishusha kiganja chake chini ya kaunta, akaonyesha kimo cha mtoto.

"Inaitwa nini?" Shangazi aliuliza. "Usinitafutie maneno."

"Huduma ya kuchunga mtoto."

"Intaneti inachunga mtoto? Inambeba mgongoni?"

"Hapana, Maman. Muzazi anachagua saa. Saa ile ikifika, mtoto hawezi kuingia kwenye mtandao, hata kama laini iko nzima. Wazazi wa huku wanapenda, juu ya mtoto asome asicheze michezo."

"Basi wamekosea nyumba. Kwetu hakuna mtoto."

"Ndiyo nimemwambia. Anauliza, kama hakuna mtoto, nani anafungiwa kila siku kutoka baada ya chakula cha mchana mpaka jioni?"

Niliiona tena ile taa ya kijani juu ya friji.

Mtoto alikuwa mimi.

Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa anaangalia tangazo ukutani, picha ya mwogeleaji, kama anayemjua.

"Muulize aliyeomba," alisema. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Hénoc aliuliza. Jibu lilikuwa refu. Nilimwona akilisikiliza na uso wake ukibadilika, na nikajua kwamba anayestahili kutupiwa begi nje si yeye tena.

"Iliombwa kwa simu," alisema. "Simu ya nyumba yetu. Mwanaume. Kichina safi. Alitaja jina la mwenye laini, na akataja nambari ya pasipoti yote bila kukosea."

Nambari ya pasipoti yangu siijui hata mimi. Hénoc hajawahi kuigusa. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeifunga kiunoni.

"Maman Zainabu," Hénoc alisema taratibu, "mwanaume wa Kichina safi mule ndani ni mmoja. Na si mimi. Mi nasoma nusu."

Neno likamtoka Shangazi.

"Maulid aliniambia ni bure."

Nyuma yetu mtoto wa mtu alikuwa akilia anataka kushushwa.

Nilimngojea Hénoc acheke. Alikuwa na haki. Alitukanwa asubuhi nzima, begi lake limekanyagwa na kila aliyepita kwenye korido. Lakini hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyefika mahali asipotaka kufika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naye anajua. Wote walijua.

"Nilimwambia aufunge mtandao mchana tu," Shangazi alisema, ananiambia mimi lakini anaangalia kaunta. "Akasema kuna kitufe cha kubonyeza. Mie nitajuaje kama kitufe kina bili?"

"Kwa nini uliufunga, Shangazi?"

Sauti ilikuwa yangu. Ilinishangaza hata mimi.

"Unaikodolea macho sana ile kompyuta. Nilihofia utaharibu macho."

Hénoc alifumba yake.

Msichana aligonga kioo kwa kalamu. Foleni ilikuwa inangoja. Aliongea haraka, na mara hii hakumtazama Hénoc wala Shangazi. Alinitazama mimi.

"Anasema hivi," Hénoc alisema. "Iliombwa kwa jina lako, kwa hiyo wao wanajua umeomba wewe. Kama hukuomba, useme wewe mwenyewe. Ukisema, wanaondoa pesa yote na laini haikatwe. Usiposema, hakuna. Mei you."

"Mwambie hatukuomba," Shangazi alisema.

Msichana aliinua kiganja. Hakuhitaji mkalimani kwa hilo. Si wewe.

Basi ikawa hivyo. Shangazi, aliyeniambia nikae kimya, alinishika mkono na kuniomba niseme.

"Sema, mwanangu. Mwambie hukuomba."

"Niseme kweli?"

"Ee, sema kweli. Nani kakukataza kusema kweli?"

Nilitazama kile kibanio cha stroberi. Ni rahisi kusema na kitu kuliko na mtu.

"Sikuomba," nilisema. "Sikuomba kufungiwa. Aliyeomba hakuniuliza."

Hénoc alitafsiri yote. Nadhani aliongeza la kwake, kwa kuwa msichana alimtazama Shangazi kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa muda. Kisha akaniuliza jambo, fupi.

"Anauliza kama unaitaka iendelee."

Jibu la hilo sikumngoja Hénoc anitafsirie. Kila nilipofuatana na Shangazi hadi mtaa wa Yide Lu kununua madaftari na vitu vya watoto vya kuchezea, nilisikia neno moja linatupwa kutoka duka hadi duka, wanunuzi wanalitumia kama ufagio. Nilikuwa nalisikia tu. Sikuwahi kulitia mdomoni mwangu.

"Buyao," nilisema.

Sitaki.

Msichana alitabasamu. Akagonga muhuri kwenye karatasi, akabofya, akagonga mwingine. Ada ikaondolewa. Laini ikabaki. Huduma ya kumchunga mtoto ikafutwa siku ile ile.

Shangazi alishusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Hénoc, nisamehe. Begi lako lirudi ndani."

"Nimesamehe, Maman. Lakini aliyelitoa ndiye atalibeba."

"Nitalibeba. Na leo utakula mapaja mawili."

"Matatu."

"Kuku gani ana mapaja matatu?"

"Wa mutu aliyesingiziwa."

Walicheka wote wawili, kicheko cha haraka, cha watu wanaotaka kuondoka mahali. Shangazi alikuwa tayari anahesabu muda. Wageni wangerudi na njaa, wali haujapikwa, na aliyetakiwa kuupika alikuwa amesimama kwenye ofisi ya simu. Hilo nalo lilikuwemo. Sitaki kumsingizia na yeye, lakini lilikuwemo.

Hapo msichana wa kioo alifanya jambo ambalo hakujua kuwa ni kubwa. Alisimama. Akaichukua pasipoti yangu, akaishika kwa mikono miwili kama wanavyotoa vitu huku, akaipitisha chini ya kioo. Hakumpa Hénoc aliyesema naye muda wote. Hakumpa Shangazi aliyekwisha kunyoosha mkono.

Alinipa mimi.

Niliipokea kwa mikono miwili. Safari hii niliifumbata.

Tulitoka hadi kwenye ngazi za mbele. Jua lilikuwa linapiga vigae, watu wanapita na mabunda vichwani na mabegani. Shangazi alisimama, akakunjua kiganja chake.

"Lete."

Sikuleta.

"Lete, mwanangu, usije ukaiangusha."

"Nataka kwenda kwetu, Shangazi."

Aliangaza huku na huku kama niliyesema tusi.

"Utakwenda. Nani kasema huendi? Kontena likiondoka, tunakwenda sote. Nikufikishe mwenyewe mpaka mlangoni."

"Nataka kwenda sasa."

"Sasa kuna nini?"

Kiganja kilikuwa bado kiko wazi mbele yangu.

"Kuna nini huko kwenu cha kukukimbiza?" alisema. "Juzi nimeongea na Mize. Wote wazima. Hata mama yako anakusalimu. Anasema ufanye kazi, usimuwaze."

"Maman," Hénoc alisema. "Inatosha."

"Wewe nyamaza, haya si ya Kichina."

"Najua si ya Kichina. Ndiyo maana nasema inatosha."

Mimi najua alilokuwa akilifanya. Kwetu habari nzito haimpigi mtu akiwa ugenini peke yake. Hufichwa, hubebwa na wengine, kila mmoja akishika upande wake, mpaka mwenyewe afike, akalishwe mkekani, ashikwe mikono na dada zake, ndipo aambiwe. Ni heshima. Mimi mwenyewe nimewahi kumfichia mtu hivyo, nikamchekea usoni. Shangazi hakutaka niipate kwenye kioo cha kompyuta, kama bei ya madera.

Lakini alichelewa kwa mbofyo mmoja. Kichwa cha barua nilikwisha kukisoma.

Na tangu siku ile nimekuwa nikiwachukulia mzigo wao. Wao wananificha, na mimi nawaficha kwamba nimeona. Nimecheka wakicheka. Nimesema si kazi kubwa. Nilidhani nisipolitamka halitakuwa kweli, au litangoja mpaka nifike.

"Anakusalimu," Shangazi alirudia, kwa sauti ndogo zaidi. "Haya, lete hiyo pasipoti."

Niliibana kifuani kwa mikono yote miwili. Nikamtazama usoni, mimi ambaye watu huniambia nazungumza na sakafu.

"Mama amekufa, Shangazi. Pilau ya hitima yake nimeipika mimi, mkaniambia ni ya kontena."